Siondoki Kwenye Kiti Hiki

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, mtaa mzima ulimwita Taratibu. Jina hilo alilipata saluni kwangu, kwa sababu ya mkono wake. Kuna wasusi ambao ukikaa mbele yao unainuka macho yamevutwa mpaka masikioni. Yeye alikuwa anamsuka mtu mpaka anasinzia. Watoto wenye vidonda kichwani, mabibi waliobakiwa na nywele za kuhesabika, wanawake waliokwisha kuapa kwamba hawasuki tena maishani, wote walimtaka yeye. Mimi ndiye mwenye saluni, kwa hiyo sijipendelei nikisema kwamba nusu ya wateja walikuja kwa ajili yake, na nusu nyingine walikuja kwangu kwa sababu foleni yake ilikuwa ndefu.

Alikuwa na kifafa. Kilimwanza akiwa msichana wa shule, na kaka alimwoa akijua, baada ya kuvutana sana na mama yetu. Pale saluni tulishazoea. Wasichana wangu wote niliwafundisha: sogeza viti, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, usimkandamize, subiri. Mteja akianza kupiga mayowe, mtoe nje. Na Taratibu akizinduka, kabla hata hajajua yuko wapi, alianza kuomba radhi. "Samahani jamani. Samahani." Hiyo samahani ilikuwa inanichoma kuliko kuanguka kwenyewe.

Siku moja aliangukia ndoo ya maji ya moto tuliyokuwa tunachovyea ncha za rasta. Aliungua mkono kuanzia kiwiko kushuka chini. Baada ya hapo kaka, ambaye ni dereva wa lori na hukaa njiani zaidi ya nyumbani, akasema imetosha, lazima apelekwe hospitali kubwa. Tukampeleka. Daktari wa ubongo, kijana nadhifu mwenye shati lililonyooka kama limekatwa kwa rula, akamwondolea vidonge vyake vya zamani na kumpa vipya.

Vidonge vikafanya kazi. Nasema ukweli, vilifanya kazi kama muujiza. Mwezi ukaisha, wa pili ukaisha, hajaanguka. Mama yetu, ambaye hakuwahi kumsifia mkwe wake hata kwa chumvi ya mboga, akaanza kuwaambia majirani kwamba "binti yangu" amepona. Kaka akapiga simu kutoka huko barabarani na kucheka mpaka simu ikakatika. Na mimi nikaanza kumwachia Taratibu saluni peke yake, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

Ilianza kidogo kidogo. Aligombana na mwuza mkaa, nikasema huyo mwuza mkaa mwenyewe ana lake. Akagombana na mama kwa ajili ya kijiko kilichowekwa pasipo pake. Nikasema wakwe hao, wameanza kuzoeana. Halafu siku moja nilikuwa naosha taulo uani nikasikia mtoto analia ndani, kilio cha maumivu. Nikaingia mbio. Binti mdogo wa mteja wetu wa siku zote alikuwa amejishika kichwa kwa mikono yote miwili, na Taratibu amesimama nyuma yake, kitana kimekatika meno mkononi mwake.

"Anatikisika!" akanifokea kabla sijauliza. "Nimemwambia atulie, hasikii! Nimechoka! Mnanileteaga watoto wasiokaa!"

Mama wa mtoto alinitazama mimi, si yeye. Akamchukua mwanawe, kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama, wakaondoka. Hawakurudi.

Taratibu aliingia chumba cha nyuma tunakoweka mafuta na nywele za bandia, akajifungia. Nilimsikia analia mle ndani, na nilipogonga alinijibu tusi ambalo sikujua kama analijua.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Leo anafoka, kesho analia, keshokutwa amekaa tu anatazama ukuta, ukimsemesha anakujibu kama umemdai uhai. Halali usiku. Hali chakula. Binti yake mwenyewe, ambaye ndiyo kwanza ameanza shule ya chekechea, kila alipomwona mama yake anaingia mlangoni alikuwa anakuja kusimama nyuma ya miguu yangu. Taratibu aliliona hilo. Ungeuona uso wake siku ile alipoliona, usingemlaumu tena kwa lolote.

Mama yetu alikuwa na maelezo yake. "Zamani ugonjwa ulimfunga mdomo," akasema. "Sasa amepona, tunaonyeshwa tabia yake."

"Mama, mtu habadiliki tabia ghafla namna hiyo."

"Wewe mtetee tu. Si wewe uliyepigwa na kijiko."

Haikuwa kweli, kijiko hakikumpiga, kilipita karibu. Lakini nilichoka kubishana.

Kilichonifanya nikimbie hospitali ni maneno aliyoniambia jioni moja tunafunga saluni. Nilikuwa nafagia nywele, yeye amekaa kwenye kiti cha mteja akijitazama kwenye kioo.

"Wifi," akasema, kwa sauti yake ile ya zamani, ya taratibu, "natamani nilale nisiamke. Sina nguvu ya kufanya lolote, usiogope. Lakini nimechoka kuwa mtu huyu. Huyu simjui."

Nikaweka fagio chini. Sikumwambia mambo ya kumtia moyo, maana sikuwa nayo. Nilimshika mkono, nikaenda naye kwangu, nikalala naye kitanda kimoja, na asubuhi tukawa watu wa kwanza kwenye benchi la hospitali.

Hospitali ile ina majengo mawili yanayotazamana, katikati kuna uwanja wa magari na tangi la maji linalovuja. Jengo la kwanza ni la ubongo na mishipa. Jengo la pili ni la afya ya akili. Mtu mwenye afya anavuka uwanja ule kabla hajamaliza kupiga miayo. Kumbuka hilo.

Daktari nadhifu alitupokea huku akitazama kompyuta.

"Ameanguka mara ngapi tangu mje mara ya mwisho?" aliniuliza mimi, ingawa mgonjwa alikuwa amekaa mbele yake, magoti yake yanagusa meza.

"Hajaanguka," nikasema.

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Lakini daktari..."

"Vizuri sana." Akaandika. "Vizuri sana. Tuendelee na dozi hiyohiyo."

"Daktari, amebadilika. Ana hasira za ajabu, analia, halali usiku. Jana ameniambia maneno ya kutisha."

"Hasira?" Sasa akageuka. Alionekana kama mtu aliyeletewa sahani ya meza nyingine. "Hayo ni mambo ya hisia, dada. Mimi nashughulika na ubongo. Nendeni jengo la pili."

Taratibu akainua kichwa. "Na hizo hisia zinakaa wapi, daktari? Kwenye goti?"

Daktari akatabasamu kidogo, akabonyeza kengele ya kumwita anayefuata.

Tukavuka uwanja. Kwenye dirisha la jengo la pili kulikuwa na karani anayekula karanga moja moja, kila moja akiikagua kwanza.

"Tatizo nini?"

Nikaeleza. Nilipofika kwenye neno kifafa akaacha kutafuna.

"Kifafa ni jengo la kwanza."

"Tumetoka jengo la kwanza. Wametuambia tuje huku."

"Wamewapa rufaa?"

"Wametupa maneno tu."

"Maneno siwezi kuyapokea."

Tukarudi. Daktari nadhifu alikuwa amekwenda wodini. Tukangoja mpaka benchi likatuchora alama mapajani. Hakurudi. Muuguzi akatuambia tuje siku nyingine, na mimi, nikikumbuka yale maneno ya kwenye kioo, nikamwambia kwamba mgonjwa huyu anazungumzia kufa. Akatuhurumia, kweli alituhurumia, akatuambia tuje mapema.

Tulikuja mapema. Tukapata karatasi. Nilipoisoma pale koridoni nilidhani kuna upande wa pili, nikaigeuza. Iliandikwa: *Hasira. Tafadhali angalia.* Basi.

Daktari wa jengo la pili alikuwa mama mtu mzima, amevaa kandambili kwa sababu ya miguu kuvimba, na miwani ameipandisha kichwani akiitafuta mezani. Aliisoma karatasi kwa sauti.

"Hasira. Tafadhali angalia." Akanitazama. "Niangalie nini? Faili lake liko wapi?"

"Jengo la kwanza. Tumeambiwa mafaili hayavuki."

"Hayavuki," akakubali kwa huzuni, kama anazungumzia mto. Lakini alimwuliza Taratibu mwenyewe maswali, na alimwuliza vizuri: kama ana mpango wowote wa kujidhuru, nani anakaa naye, anakula nini. Akaniambia nisimwache peke yake, na kama lolote likizidi tuje moja kwa moja, tusingoje rufaa ya mtu. Halafu akavigeuza vile vidonge mkononi. "Siwezi kukupa dawa zangu juu ya hizi bila kuzungumza na daktari wako. Baadhi ya zangu zinaweza kukiamsha kifafa. Lazima yeye aniandikie kwa nini amekupa hizi, na kama zinaweza kubadilishwa."

"Mpigie simu," akasema Taratibu.

"Simu ya ndani haifanyi kazi, mama. Tangu mvua zile."

Akaandika karatasi. Nayo nikaisoma njiani: *Tafadhali nieleze kuhusu dawa. Asante.*

Tukawa matarishi. Tunabeba karatasi kutoka jengo hadi jengo, na kila karatasi inataka siku yake, na kila siku mimi nafunga saluni. Jibu kutoka jengo la kwanza lilipopatikana lilisema: *Kifafa kimedhibitiwa. Dawa iendelee.* Mama wa kandambili alilisoma, akaliweka chini, akajisugua macho. "Sikuuliza hilo," akasema. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga, vyote kwa pamoja.

Kaka akarudi safari. Tukakaa sebuleni, mimi, yeye na Taratibu, na mama akijifanya anachambua mchele mlangoni. Nikaeleza yote. Nikasema mimi nahisi ni vidonge, maana kila nikirudi nyuma kuhesabu, hasira ilikuja baada ya vidonge, si kabla. Labda wamrudishie vya zamani.

"Hapana," akasema kaka.

"Hujasikia?"

"Nimesikia. Mke wangu haanguki. Unajua mimi niko barabarani naendesha, simu ikilia usiku moyo unanifanya nini? Sasa haanguki. Anafoka, basi afoke. Bora hasira kuliko kuanguka."

"Bora kwa nani?" akauliza Taratibu.

Hakupaza sauti. Alimtazama tu. Kaka akasema tena, polepole, "Bora," kana kwamba neno likisemwa vizuri litajieleza lenyewe.

"Nikianguka nainuka," akasema Taratibu. "Nikianguka, dakika chache nimerudi, nawakuta hapa mnanipepea. Sasa hivi nimeondoka na sijarudi. Mwanangu ananikimbia. Wewe hukai hapa ukayaona. Bora kwa nani, mume wangu?"

Mama akaacha kuchambua mchele. Kaka akatoka nje, akaanza kuosha lori ambalo lilikuwa safi.

Siku ya miadi iliyofuata Taratibu alivaa gauni lake zuri. Tulipoingia, daktari nadhifu akaanza kama kawaida, macho kwenye kompyuta, na mimi nikamjibu kwamba hajaanguka, na yeye akasema vizuri sana na kupeleka mkono kwenye kengele.

"Usibonyeze," akasema Taratibu.

"Samahani?"

"Siondoki kwenye kiti hiki mpaka uongee na daktari wa jengo la pili. Kwa mdomo. Siyo karatasi."

"Mama, kuna wagonjwa wanasubiri nje."

"Na mimi ni mgonjwa, nasubiri ndani."

"Siyo utaratibu wetu."

"Wananiita Taratibu mimi," akasema. "Nimemaliza. Leo sina utaratibu. Mkitaka mniite walinzi, waje wanibebe na kiti."

Akashika mikono ya kiti kwa nguvu mpaka vidole vikapauka. Daktari akanigeukia mimi, nadhani akitegemea nimtulize mgonjwa wangu. Mimi nikainuka, nikatoka, nikavuka uwanja ule nikikimbia na viatu vya kisigino, nikampita karani wa karanga akisema "dada, dada, dirishani kwanza," nikafungua mlango. Mama wa kandambili alikuwa anakunywa chai peke yake.

"Daktari, shikamoo. Naomba uje. Ni hapo tu. Ameshika kiti."

"Nani ameshika kiti?"

"Hasira Tafadhali Angalia."

Akainuka na kikombe chake mkononi, akaja. Alitembea polepole kwa sababu ya ile miguu na mimi nilikuwa nasali njia nzima asibadili mawazo.

Madaktari wale wawili walisimama wakatazamana. Ndipo nilipogundua kwamba hawajuani. Wamefanya kazi kwenye hospitali moja miaka, wanajuana kwa mwandiko tu.

"Kumbe ni wewe," akasema mama wa kandambili. "Nilidhani ni mzee. Mwandiko wako wa kizee."

Kijana akacheka bila kutaka. Akampisha kiti chake mwenyewe, maana kile kingine kilikuwa na mwenyewe. Mama wa kandambili akakaa, akaweka kikombe juu ya mafaili, akamgeukia Taratibu.

"Hasira ilianza lini?"

"Baada ya vidonge. Havijamaliza hata miezi mitatu."

"Kabla ya hapo ulikuwa mtu wa hasira?"

Nikaangua kicheko. Sikuweza kujizuia. Taratibu naye akacheka, kicheko kibaya chenye machozi. "Muulize wifi yangu," akasema.

Mama wa kandambili akamgeukia kijana. "Dawa hii inaweza kufanya hivi?"

Kijana akavua saa yake, akaivaa tena. "Kwa baadhi ya watu," akasema. "Wachache. Hasira, huzuni, mawazo mabaya. Inajulikana."

Nilisikia mtu anakohoa koridoni.

"Inajulikana," akarudia Taratibu. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua inawezekana."

"Na hukuniambia."

"Mama, tukiwaambia kila kitu hamtakunywa dawa. Mtu anasoma kile kikaratasi cha ndani ya boksi anaogopa, anaacha, anaanguka barabarani. Nimewaona. Nimewaona wakiletwa wamekufa." Sauti yake ilikuwa imepanda, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba na yeye amechoka, kwamba chini ya lile shati kuna mtu. "Nilikuuliza kama umeanguka. Hujaanguka. Kwangu ule ulikuwa ushindi."

"Wako," akasema Taratibu. "Mimi nimekaa miezi nikidhani ndivyo nilivyo. Nikidhani ugonjwa ulikuwa umenifunika, na umetoka, na huyu mbaya ndiye mimi. Umesikia? Hata mama mkwe alisema hivyo, na mimi nikamwamini!"

Hapo alilia kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akilia, mdomo wazi, kama mtoto. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Kijana alikwenda mlangoni, akawaambia waliokuwa nje kwamba atachelewa, wamsamehe. Mtu akamjibu vibaya. Akarudi akakaa ukingoni mwa kitanda cha kupimia.

Walizungumza pale mbele yetu. Kijana alieleza kwamba vidonge haviachwi ghafla, hilo ni hatari kuliko yote. Vitapunguzwa kidogo kidogo huku vingine vikiingizwa. Hasira huenda ikapungua, haahidi. Na kifafa huenda kikarudi, hilo nalo haahidi lolote. "Ni lazima mume wako akubali pia," akaongeza.

"Kichwa cha nani?" akauliza mama wa kandambili kabla sijafungua mdomo.

Kijana akatazama sakafu. "Chake."

"Badilisha," akasema Taratibu.

Kisha yule mama akamwuliza swali ambalo sote hatukulitarajia. Alimwuliza miaka hii yote, kabla ya hivi vidonge, tangu akiwa msichana wa shule, ameishije na kitu hiki. Siyo ameanguka mara ngapi. Ameishije.

"Nimeomba samahani," akasema Taratibu. "Kila siku. Hata siku nisizoanguka. Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo."

"Basi na hilo tutalizungumza. Siyo leo. Lakini vidonge hivi vikiondoka, hilo halitaondoka navyo, usije ukashangaa." Akaniambia nimpeleke kwake kila wiki, moja kwa moja mlangoni, na karani akisema neno nimwambie aje kumwona yeye.

Hasira iliondoka kama maji yanavyokauka kwenye sakafu ya simenti, kwanza pembeni, halafu katikati. Siku moja nilimkuta bintiye amemlalia mapajani, wote wawili wamesinzia mbele ya redio. Nikaizima redio, nikatoka kwa ncha za vidole.

Lakini yule mama alikuwa amesema kweli. Hasira ilipoondoka, chini yake kulikuwa na huzuni ya siku nyingi, imekaa pale kama mpangaji asiyelipa. Kuna wiki Taratibu alitoka kwenye chumba kile cha mazungumzo amekasirika: "Ananiuliza maswali tu, hanipi jibu hata moja, kazi gani hii?" Kuna wiki alikataa kwenda kabisa, nikambembeleza mpaka nikamtishia. Kuna wiki alirudi amenyamaza, akafua nguo za nyumba nzima.

Na kifafa kilirudi. Alianguka saluni asubuhi moja, mteja yuko chini ya mashine ya kukaushia, haoni wala hasikii. Tukasogeza viti. Tukamlaza ubavu. Tukasubiri. Alipofumbua macho alinitafuta kwa muda, akanipata, na nikajiandaa kusikia ile samahani.

"Maji," akasema.

Nikampa maji. Akanywa, akatazama dari, machozi yakamtoka pembeni ya macho bila sauti. "Nilitamani sana kisirudi," akasema. "Hata mimi nilitamani." Nikamwambia najua.

Kaka alipopata habari alikuja juu. Alirudi kutoka safari akiwa ameshaandaa maneno yote njiani: vidonge vile virudishwe, madaktari wale ni wahuni, dada yake anamharibia mke. Nilimwacha aongee mpaka akaishiwa. Kisha nikamwambia kesho mke wake ana miadi jengo la pili, na mimi nina bibi harusi wa kusuka, kwa hiyo ampeleke yeye. Hata mlango wenyewe hakuujua. Mwishowe ilibidi niende nao kuwaonyesha njia, bibi harusi nikamkabidhi kwa wasichana na nikaomba kimoyomoyo asije akatoka na vichwa viwili.

Waliingia wote wawili. Mimi nikakaa kwenye benchi. Nilidhani nitasikia ugomvi, nikasikia sauti ya yule mama tu, chini chini. Kaka akatoka peke yake kwanza. Akaja akakaa karibu nami, mikono mikubwa ile ya usukani ameiweka juu ya magoti kama vitu vya mtu mwingine.

"Ameniuliza kama ninalala," akasema.

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia nalala."

"Unalala?"

Akatikisa kichwa. "Nikiwa nyumbani namsikiliza anavyopumua mpaka kunakucha. Nikiwa safarini nawaza nani anamsikiliza. Tangu nimwoe. Ndiyo maana nilisema bora... Mke wangu akamwambia daktari, huyu mwongo, halali. Kumbe anajua. Miaka yote hii anajua kwamba silali, na yeye alikuwa anajifanya amelala ili mimi nidhani sijaonekana." Akajifuta uso kwa kiganja. "Tumekaa pale kama wajinga wawili. Ameniambia na mimi nije wiki ijayo. Mimi! Nina nini mimi?"

Nilikuwa na majibu kadhaa, yote ya kidada, nikayameza.

Taratibu akatoka na karatasi ya dawa aliyoandikiwa na yule daktari kijana. Tukaenda dirisha la dawa, tukapanga foleni, foleni ikasogea kama inasukuma jabali, na tulipofika mfamasia akaisoma ile karatasi na kutikisa kichwa. Vile vidonge alivyobadilishiwa vimeisha. Labda wiki ijayo. Labda tujaribu duka la nje, lile la kona, au lile jingine baada ya kituo cha mafuta.

"Dawa ya kichwa haiwezi kungoja wiki ijayo!" kaka akaanza, sauti ya barabarani, watu wote wakageuka. "Mnataka aanguke hapa hapa ndiyo muamini?"

"Acha kupiga kelele," Taratibu akamwambia. "Huyu hajatengeneza yeye hizo dawa." Akamgeukia mfamasia, akamwomba amwandikie jina la dawa vizuri, kwa herufi kubwa, maana mwandiko wa yule daktari kijana hausomeki na binadamu. Akaikunja karatasi, akaitia kwenye pochi.

"Twende la kona kwanza," akasema. "Wifi, wewe rudi ukamwangalie bibi harusi wako. Huyu atanisindikiza."

Nikawaona wakivuka uwanja, wakalizunguka dimbwi la lile tangi, yeye mbele, kaka nyuma bado ananung'unika peke yake.